Forester na Matope ya Kitengela

Mvua ikinyesha Kitengela, starehe huishia kwenye lami. Ukikata kona kutoka barabara ya Namanga kuingia ndani, upande wa Korompoi kwa mfano, unakutana na ule udongo mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa huziba meno ya tairi yote, na gari hubaki likiserereka. Ndipo unaona watu wakiegesha kwenye kituo cha petroli na kwenda nyumbani kwa miguu, wamevaa gambuti.

Hapo ndipo Subaru Forester inapopendwa, na mimi naiunga mkono, ingawa si kwa zile sifa za mashindano ya Safari Rally. Iliyoanza kuuzwa 2012 imeinuka kama sentimita 22 kutoka chini, na huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. RAV4 na X-Trail za rika lake huvutwa zaidi na ya mbele, ya nyuma yakiitwa kazini utelezi ukianza. Zina swichi ya kuyalazimisha, ukikumbuka kuibonyeza kabla hujazama.

Lakini tusidanganyane. Siku nyingi za mwaka Forester hiyo itakuwa kwenye foleni ya Athi River, inakunywa petroli.

Tena kuna suala la tairi, ambalo wauzaji hawaligusi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote wakati wote halitaki tairi mbili mpya na mbili zilizolika. Iliyolika ina mzunguko mdogo, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi kufika palepale, na tofauti hiyo hubebwa na giaboksi safari nzima, mpaka klachi zake za ndani ziungue. Kwa hiyo bajeti yako iwe na tairi nne za aina moja, zinunuliwe pamoja. Zoea letu la mbili leo, mbili mwezi ujao, halifai hapa. Ukienda kulijaribu, kata usukani hadi mwisho, uzunguke polepole uwanjani. Likishikashika kama lililokanyagiwa breki, mrudishie mwenyewe funguo.

Injini nayo. EJ20 ya zamani ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. FB20 iliyoirithi hutumia mnyororo. Kwa kuwa sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka 8, Forester zinazoshuka Mombasa siku hizi hazina mkanda. Za mkanda ni zile zilizopita mikononi mwa watu wawili watatu hapa nchini, na bei yake ndiyo inayotushawishi.

Kwa aliyejenga ndani, mbali na lami, Forester ya mnyororo ningemwambia anunue. Wewe uliyepanga nyumba mita mia mbili kutoka barabarani, chukua gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele tu, pesa itakayobaki ulipe karo.