Karanga Zile Zile, Wakaguzi Wawili

Msikilizaji, tuanzie kwenye chupa ya siagi ya karanga. Hadi katikati ya mwaka 2019, mama wa Tanzania aliyesaga karanga zake na kuzipeleka dukani alikuwa na milango miwili ya kubisha hodi. TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilikagua usalama wa chakula; TBS, Shirika la Viwango, ikapima ubora wa chakula kile kile. Fomu mara mbili, ada mara mbili.

Kwa nini jambo hili limguse hata asiye na kiwanda? Kwa sababu ada huishia kwenye bei ya chupa. Kiwanda kikubwa huigawa kwa maelfu ya chupa. Mwenye mashine moja huigawa kwa chupa chache, na bidhaa yake inakuwa ghali kabla hata haijafika rafuni.

Serikali ilisikia kilio cha kutozwa mara mbili. Julai 2019 chakula na vipodozi vikahamia TBS; TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, kwa jina jipya la TMDA.

Sasa tugeukie upande wa pili: kwa nini ukaguzi wenyewe unahitajika. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na fangasi, iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hii haiishi kwa kuchemsha chakula, na hushambulia karanga kama inavyoshambulia mahindi. Maabara, basi, ni lazima. Kisichokuwa lazima ni kumtoza mtu mara mbili.

Swali linabaki: gharama ya kipimo kinachotulinda sote, aibebe mama mwenye mashine moja, au ibebwe na mfuko wa umma?