Nguruwe Mwitu Wakati wa Jua Kali



Miezi ya Januari na Februari, jua linapokuwa kali, wako wanaoshawishika kuwasaka nguruwe mwitu wanaofukua viazi na kuangusha mahindi usiku. Hasara hiyo si ndogo. Hata hivyo, yafaa tufikiri kabla ya kushika mikuki na kuita mbwa.

Kwanza, sheria. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo.

Pili, tabia ya mnyama mwenyewe. Nguruwe hana jasho la kutosha kumpoza. Mchana wa joto hujilaza kichakani au matopeni. Mbwa anayemfukuza juani huishiwa nguvu upesi, na nguruwe aliyebanwa hugeuka akapasua kwa meno yake.

Tatu, maradhi. Homa ya nguruwe ya Kiafrika, ambayo R. E. Montgomery aliieleza kutoka Kenya mwaka 1921, hukaa mwilini mwa nguruwe mwitu na ngiri pasipo kuwaumiza. Haimdhuru mwanadamu, lakini nyama yao mbichi ikifika bandani, nguruwe wa kufugwa huweza kufa karibu wote.

Basi, lindeni mashamba kwa zamu, jengeni ua imara, chemsheni makombo mnayowalisha nguruwe wenu, na uharibifu ukizidi, wapelekeeni habari maofisa wa wanyamapori mapema.