Kuishi na Upungufu wa Homoni ya Tezi ya Shingo

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na mtumishi mmoja wa masjala mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Mimi si daktari. Nimetakiwa kuzungumza kwa sababu nimeishi na maradhi haya kwa miaka mingi, na kwa sababu waliopanga mkutano huu wameona kuwa ni maradhi yanayowasumbua watu wengi bila ya wao kuyajua jina. Yale ya kitaalamu nitakayoyasema ni yale niliyoelezwa na madaktari na kuyathibitisha kwa kusoma.

Ndugu Wananchi, mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo, kila mmoja wetu ana tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Wataalamu huiita tezi ya thairoidi. Kwa mtu mzima, uzito wake haufiki hata gramu 30. Kazi yake ni kutengeneza homoni ambazo husafirishwa na damu hadi kila pembe ya mwili, na homoni hizo ndizo zinazouamuru mwili uende kwa kasi gani: moyo upige mara ngapi, chakula kisagwe upesi au polepole, joto lihifadhiwe kiasi gani. Tezi hii nayo ina msimamizi wake, nayo ni tezi nyengine iliyopo chini ya ubongo. Msimamizi huyo akiona homoni zimepungua, hutoa homoni yake iitwayo kwa herufi TSH ili kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ikiwa imechoka au imeharibika, amri huzidi kupelekwa lakini kazi haifanyiki. Hali hiyo ndiyo tunayoizungumzia leo.

Homoni zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo. Mgonjwa huchoka hata baada ya kulala usiku kucha. Huhisi baridi wakati wenzake wanatokwa na jasho. Uzito huongezeka ingawa chakula hakikuongezeka. Ngozi hukauka, nywele hunyonyoka, sauti hukwaruza, uso huvimba hasa asubuhi, na choo hufunga. Moyo hupiga polepole. Kumbukumbu hupungua na roho hujaa huzuni isiyo na sababu. Kwa wanawake, damu ya mwezi huweza kuwa nyingi au kuharibika mpangilio, na mimba huweza kuchelewa au kuharibika. Wengine huvimba shingo, uvimbe ambao wazee wetu wanaujua kwa jina la rovu. Lakini nasisitiza kwamba si kila mgonjwa huvimba shingo, na si kila aliyevimba shingo ana upungufu huu.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaji kwa kishindo. Huingia kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, na kila dalili ina maelezo mengine yanayokubalika kwa urahisi. Uchovu husemwa ni wa kazi. Unene husemwa ni wa umri. Huzuni husemwa ni ya mambo ya nyumbani. Kwa hiyo mgonjwa huzungukwa na majibu, na hakuna hata moja lililo sahihi.

Kwa upande wangu, kazi ya masjala inataka kumbukumbu na wepesi. Nilikuwa nikijua jalada liko wapi bila ya kufungua daftari. Ikafika wakati nasimama mbele ya rafu na nimesahau nimefuata nini. Wakati wa kaskazi, ofisi nzima inalalamika joto, mimi naomba panka lizimwe na najifunika mtandio mzito. Wenzangu walianza kwa mzaha, kisha mzaha ukawa maneno. Baadaye nilipokea barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini utendaji wangu umeshuka. Barua ile ilikuwa ya haki kwa namna ilivyoandikwa, kwani kazi kweli ilikuwa imeshuka. Lakini hapakuwa na mtu aliyeuliza kama naumwa. Nyumbani, shangazi yangu, kwa mapenzi yake, alisema nimechezewa, nikasomewa na nikafukizwa. Mwisho wake mkunga mstaafu, jirani yetu, alinitazama uso akasema: "Mwanangu, nenda ukapimwe damu. Uso huu nimewahi kuuona." Nikaenda, na kipimo kikatoa jibu.

Ndugu Mwenyekiti, huenda mtu akauliza: maradhi haya yanatoka wapi? Sababu ni kadhaa. Sababu kubwa katika nchi nyingi ni kinga ya mwili yenyewe kuishambulia tezi kana kwamba ni adui. Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912 na daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi hufuata ukoo. Sababu nyengine ni tezi kukatwa kwa upasuaji au kutibiwa kwa mionzi, baadhi ya dawa za moyo na za maradhi ya akili, na mabadiliko yanayotokea baada ya kujifungua.

Ipo pia sababu inayotuhusu sana sisi watu wa visiwani, nayo ni upungufu wa madini joto. Tezi haiwezi kutengeneza homoni bila ya madini hayo. Mtu mzima anahitaji kiasi cha maikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji kiasi cha 250. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wa pwani, kwa kuwa wanakula samaki, hawawezi kukosa madini joto. Tatizo hilo lilionekana kuwa ni la watu wa milimani. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa skuli za Unguja na Pemba, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa imani hiyo si sahihi. Upungufu ulikuwepo, na Pemba ilikuwa imeathirika zaidi kuliko Unguja, ambapo kaya nyingi za Pemba zilikuwa hazitumii chumvi iliyotiwa madini joto. Bahari imetuzunguka, lakini chumvi tunayoianika wenyewe haina madini hayo ya kutosha mpaka yaongezwe. Kwa hiyo nawaomba wananchi wanunue chumvi yenye madini joto, waihifadhi katika chombo chenye kifuniko, na waiweke mbali na jua na unyevu.

Hata hivyo, tusije tukavuka mpaka. Mtu ambaye tezi yake imeshaharibiwa na kinga ya mwili hatapona kwa kula chumvi nyingi. Vile vile, madini joto yakizidi kiasi huweza kuidhuru tezi. Mwani tunaoulima tangu mwaka 1989 ni neema kwa akina mama zetu, lakini kuunywa unga wa mwani kwa wingi kama dawa ya tezi, bila ya ushauri wa daktari, si jambo la busara.

Sasa nizungumzie kutafuta tiba. Maradhi haya hayatambuliwi kwa kutazama tu. Hutambuliwa kwa kupima damu, na kipimo cha kwanza ni kile cha TSH. Ikiwa TSH iko juu na homoni ya tezi iko chini, jibu limepatikana. Kipimo hiki hakifanyiki katika kila kituo cha afya, kwa hiyo mgonjwa asione haya kumuomba daktari amwandikie pale panapofanyika. Namshauri kila anayekwenda kwa daktari aandike dalili zake katika karatasi, pamoja na lini zilianza, na kama kuna mtu wa ukoo wake mwenye maradhi ya tezi. Mgonjwa anayesema "nimechoka tu" ni rahisi kupewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani.

Tiba ipo, na ina historia ndefu. Mwaka 1891 huko Uingereza, Daktari George Murray alimdunga mgonjwa wake maji yaliyotokana na tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa na umri wa miaka 46 na hali yake ilikuwa mbaya. Alipata nafuu na akaishi miaka 28 zaidi, hadi mwaka 1919. Hivi leo hatuhitaji tena kondoo. Ipo dawa ya vidonge iitwayo levothairoksini, iliyo sawa na homoni inayotengenezwa na tezi yenyewe, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa wanaotumia dawa hii, naomba wazingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, dawa inywewe kwa maji matupu, tumbo likiwa wazi, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai ya asubuhi. Kahawa na maziwa huizuia isiingie mwilini vizuri. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu viachane nayo kwa saa nne.

Pili, kipimo cha dawa si cha mtu mmoja na mwengine. Daktari hukipanga kwa uzito, umri na hali ya moyo. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzishwa na kiasi kidogo. Damu hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane, na hali ikishatulia, mara moja kwa mwaka.

Tatu, nafuu haiji kwa siku moja. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Na kwa wagonjwa wengi dawa hii ni ya maisha. Anayeiacha kwa sababu amejiona mzima haoni tofauti siku ya kwanza wala ya pili, kwani dawa hutoka mwilini taratibu. Lakini baada ya wiki chache maradhi hurudi pale pale.

Nne, isitumiwe kwa kupunguza unene, wala asigawiwe mtu mwengine. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mifupa hudhoofika.

Tano, katika mwezi wa Ramadhani mgonjwa azungumze na daktari mapema. Wengi huweza kuinywa wakati wa kulala, saa tatu baada ya chakula cha mwisho, au nusu saa kabla ya daku.

Sita, mwanamke anayetumia dawa hii akishika mimba asiiache hata kidogo. Aende kliniki mara moja, kwani kwa kawaida kiasi huhitaji kuongezwa. Ubongo wa mtoto, hasa katika miezi ya mwanzo, hutegemea homoni ya mama yake.

Hapo nataka kuongeza neno juu ya watoto wachanga. Wako wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi. Mtoto huyo huweza kuonekana mpole, halii sana, ananyonya kwa uvivu, anafunga choo, na umanjano wake unachelewa kuondoka. Watu husifu upole wake. Lakini akianza kutibiwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, hukua kama wenziwe. Akicheleweshwa, akili yake huweza kudumaa na hakuna dawa itakayoirejesha. Mama mwenye shaka asingoje arubaini iishe. Ampeleke mtoto hospitali.

Vile vile, mgonjwa ambaye hajatibiwa, akionekana amepoa mwili sana, anasinzia bila ya kuamka vizuri au anachanganyikiwa, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu.

Kwa wakuu wa ofisi: mtumishi aliyekuwa mzuri akabadilika, kabla ya kuandikiwa barua aitwe aulizwe hali yake. Kuuliza hakugharimu kasma yoyote, na kunaweza kuirudishia Serikali mtumishi wake. Mimi nilirejea kazini kikamilifu baada ya miezi michache ya dawa, na majalada nayajua tena yalipo.

Kwa jamaa wa wagonjwa: dua na ziada ya mapenzi haviwekewi kizuizi. Lakini kisomo na kipimo vinaweza kwenda pamoja. Kimoja kisichukue nafasi ya chengine.

Kwa wagonjwa wenzangu: uchovu wenu si uvivu, na kusahau kwenu si upungufu wa akili. Maradhi haya yana jina, yana kipimo na yana dawa. Zipo siku ambazo mwili utakuwa mzito hata ukiwa unatumia dawa. Siku hizo ziandikeni na mzipeleke kwa daktari, msizinyamazie.

Baada ya maelezo hayo machache, niko tayari kupokea masuali, na yale yanayohitaji daktari nitawaachia wataalamu waliopo hapa.