Trekta Kuukuu la Kwanza

Mkitafuta trekta la mitumba la kulimia shamba la familia kando ya mto Sabaki, huenda mkaonyeshwa Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, la dizeli, silinda tatu. Ni chaguo zuri. Ila mwambieni muuzaji asiliwashe kabla hamjafika: injini baridi haifichi ugonjwa. Chomoeni kijiti cha oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapo msibembelezwe na bei, ondokeni. Oili ikiwa safi, liwasheni, inueni plau, kisha mzime injini. Likianguka papo hapo, huenda sili za haidroliki zinavuja. Na jamani, msilipe kabla nambari ya chasisi haijalingana na logbuku.