Asante kwa watu wa kujitolea
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mine na watu wa siti)



Tunasikia watu wakisema: “Wale wa Msalaba Mwekundu wanalipwa. Asante ya nini?” Neno hili linatuuma. Sisi makarani tunaandika mishahara kila mwezi, na mtu wa kujitolea hatujamwona katika kitabu hicho.

Tukumbuke mambo ya Goma, kule Kivu. Tarehe 22 Mei 2021, jumamosi jioni, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto ukateremka, nyumba maelfu zikaungua. Nchi ikatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 wakubwa wakaamuru mitaa kumi ihame. Watu karibu 400,000 wakashika njia: wengine Rwanda, wengine Bukavu kwa mashua, wengi Sake, kilometa 25 hivi, mizigo kichwani. Katika fujo ile watoto wakapotezana na wazazi.

Nani aliwatafuta? Vijana wa kujitolea. Waliandika jina la mtoto, la baba, la mtaa, kisha wakazunguka wakiuliza. Hiyo ni kazi ya karani, ndugu, tunaijua: jina moja likiandikwa vibaya, mtoto analala tena bila mama. Na vijana wale walikuwa watu wa Goma vilevile, wenye wazee na watoto wa kuwahofia.

Lakini tusiwasifu wenye alama ya msalaba peke yao. Huko Sake wenyeji walifungua nyumba, makanisa na shule. Chungu cha maharagi cha watu sita kilikula watu kumi na tano. Mama wale hakuna aliyewaandika popote.

Basi mwaka 2024 vita vikafika Sake, na wenyeji walewale wakakimbilia Goma kwa njia ileile. Deni likaja lenyewe kubisha mlango. Wako waliofungua, wengi hawakupata mlango, wakalala kambini chini ya mahema. Hatuwahukumu watu wa Goma. Nyumba ya chumba kimoja tunaijua, hata sisi.

Huku kwetu, siku shimo la wachimbaji linapoanguka, watu wa kujitolea huja. Msiwazuie njia, msiwatukane kwamba wamechelewa. Wapeni maji. Na kama mmoja wao ni jirani yako, wapikie watoto wake bukari jioni ile, maana baba yao yuko shimoni anamtafuta wa kwako.