Siku Kumi za Kimya: Mhindu katika Shule ya Buddha



Kamati imenitaka nizungumze juu ya kozi za taamuli za siku kumi zijulikanazo kwa jina la Vipassana. Baadhi ya vijana wetu wamekwisha kuzihudhuria, na wazee wao wanauliza, tena wana haki ya kuuliza: Mhindu aliyelelewa kwa puja na aarti anatafuta nini katika shule ya Buddha? Na akienda, atarudi akiwa mwenzetu? Mimi ni mfanyabiashara, si mwanazuoni. Lakini nimekaa katika kozi hizo, na naona swali hili lastahili jibu la wazi.

Hapa Dar es Salaam Wabuddha si wageni. Hekalu la ndugu zetu Wasinhala na mti wao wa bodhi viko Upanga tangu enzi za wakoloni, na hatujapata kusikia ugomvi kati yao na sisi. Hata hivyo, kuishi karibu na mtu ni jambo moja, na kwenda kusoma kwake ni jambo lingine.

Swali hilo lilimsumbua pia mtu aliyezieneza kozi hizi duniani, S. N. Goenka. Alizaliwa Mandalay, nchini Burma, mwaka 1924, katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kihindi walioishika sana dini ya mababu. Angali kijana alikuwa tajiri na kiongozi wa jumuiya yake, lakini aliumwa kichwa kiasi cha kudungwa sindano za mofini. Akaelekezwa kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali ya Burma, aliyekuwa akifundisha taamuli katika kituo chake mjini Rangoon. Mzee yule alimkataa kwanza, kwa kuwa alifuata dawa ya kichwa tu, na njia ile shabaha yake ni kuusafisha moyo. Goenka naye alisita, akichelea kutolewa katika dini yake. Mwaka 1955 aliingia kozi ya kwanza. Akabaki karibu na mwalimu wake miaka 14, kisha mwaka 1969 akaanza kufundisha India. Kituo kikuu cha Igatpuri, katika jimbo la Maharashtra, kilianza kazi mwaka 1976. Leo kipo kituo hata Kutch, katika kijiji cha Bada karibu na Mandvi, bandari ambayo mababu wa wengi wetu walipandia jahazi kuja pwani hii.

Sasa niwaeleze yanayofanyika. Mwanafunzi anapofika hukabidhi simu, vitabu na kalamu. Huahidi mambo matano: kutoua kiumbe chochote, kutoiba, kujizuia na tendo la ndoa, kutosema uongo, na kutotumia kileo. Baada ya hapo hunyamaza hadi siku ya kumi, ingawa anaruhusiwa kumwuliza mwalimu na kuwaeleza wahudumu shida yake. Kengele hulia saa kumi alfajiri. Chakula cha mchana huliwa saa tano, na jioni mwanafunzi mpya hupata chai na matunda tu. Saa za kukaa na kutaamali hufikia kumi kwa siku. Usiku husikilizwa mafundisho, na saa tatu na nusu taa huzimwa.

Siku tatu za kwanza kazi ni moja: kuangalia pumzi iingiavyo na itokavyo puani, bila kuihesabu wala kuitia mantra. Siku ya nne mwanafunzi hufundishwa kuupitia mwili wote kwa fikira, toka utosini hadi nyayoni, akitazama kila hisia: joto, mwasho, ganzi, maumivu ya goti. Hatakiwi kuichukia iliyo mbaya wala kuing'ang'ania iliyo nzuri. Huiacha izuke na ipite. Siku ya kumi kimya huvunjwa, na wote hufundishwa kuwatakia viumbe wote heri.

Mtauliza, goti la mtu lina maana gani kwa mwenye duka? Mdeni wako wa miezi sita akipita mbele ya duka huku akijifanya hakuoni, hasira haianzii mdomoni. Huanza kwa joto kifuani na pumzi kwenda mbio. Aliyezoea kulitambua joto lile mapema hupata nafasi ya kuchagua neno lake. Deni litadaiwa vilevile, ila halitadaiwa kwa matusi.

Nakuja kwenye lililo zito. Kwa siku hizo mwanafunzi huombwa aweke kando puja, tasbihi, mantra na kufunga, ili aijaribu njia hii peke yake bila kuichanganya. Wazee wengine wamekwazika hapo. Nawakumbusha kwamba majirani zetu Waislamu hukaa itikafu msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani, wakaacha duka na nyumba, na hakuna asemaye kwamba wameitupa nyumba. Kuweka kando si kutupa. Lakini pia nisiwafiche tofauti. Sisi twaamini atman, nafsi isiyokufa. Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi ya namna hiyo. Kumtaja Buddha miongoni mwa avatar wa Vishnu, kama tufanyavyo, hakuiondoi tofauti hii. Kozi haimtaki mtu atie sahihi upande wowote; humtaka afanye kazi aliyopewa. Kijana anayeijua dini yake hataipoteza kwa siku kumi za kuangalia pumzi. Asiyeijua, kosa hilo tulitafute nyumbani kwetu.

Jambo lililonigusa kama mfanyabiashara ni fedha. Hakuna ada ya mafunzo, chakula wala malazi. Sadaka hupokewa kwa yule tu aliyekwisha kumaliza kozi, na kila mtu hutoa apendavyo kwa ajili ya watakaomfuata. Walimu hawalipwi. Tajiri na maskini hula sahani moja na kulala vyumba vya namna moja. Mwaka 1994, gerezani Tihar mjini Delhi, wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa kozi moja kwa pamoja.

Natoa tahadhari pia. Kozi hii si hospitali. Mwenye ugonjwa mkubwa wa akili haifai kwake, na fomu ya maombi huuliza, ajibu ukweli. Wala asiende mtu kukimbia mke, mume au madeni, maana siku ya kumi na moja atayakuta mlangoni.

Wazazi, kijana wenu akirudi, msimpime kwa maneno ya Kipali aliyoyaleta. Tazameni anavyosema na mama yake, na anavyomlipa mfanyakazi wake. Mkiona upole umeongezeka, basi alichokipata huko hakijapingana na aarti ya jioni.

Ombi langu kwa Kamati ni dogo. Ukumbi huu hukaa mtupu kabla ya ibada ya asubuhi. Tuufungue nusu saa kila siku, pasiwe na mhubiri wala sahani ya sadaka, ili yeyote atakaye kukaa kimya aingie, awe mwanachama au jirani. Wasinhala wa Upanga wakitaka kuja, tuwatandikie mkeka.