Kupamba Jiko na Meza ya Krismasi kwa Fedha Kidogo

Hotuba kwa vikundi vya akina mama wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Mwezi wa Desemba uingiapo, watu wa Nairobi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale wafungao mizigo na kwenda makwao mashambani kuwaona wazee. Kundi la pili ni la wale wabakiao mjini, ama kwa sababu ya kazi, ama kwa kuwa nauli hupandishwa siku hizo, na baba mwenye watoto wanne akizihesabu nauli sita za kwenda na sita za kurudi huona afadhali kukaa. Hotuba hii yawahusu hasa hao wa kundi la pili, na mfano wake umechukuliwa katika mtaa wa Tena.

Tena ni mtaa wa Eastlands, jirani ya Umoja, Donholm na Buruburu, karibu na barabara ya Outering. Kama katika mitaa mingi ya upande huo, wenye nyumba wengi wameongeza vyumba juu na pembeni kwa ajili ya kupangisha, na kwa hiyo nafasi ni haba. Jiko ni dogo, na meza ya kulia chakula aghalabu iko hatua tatu tu kutoka jikoni, wala harufu ya vitunguu haina mlango wa kuizuia. Mwenye nyumba ya namna hiyo akitazama picha za magazeti, ambamo chumba cha kulia peke yake ni kikubwa kuliko nyumba yake nzima, yamkini atakata tamaa, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ataingia madukani na kununua vitu vya kujaza nafasi asiyokuwa nayo.

Hapo ndipo penye hatari. Krismasi ni tarehe 25 Desemba, na siku chache baadaye shule hufunguliwa. Karo, sare, vitabu na kodi ya nyumba hubisha hodi kwa pamoja, na ndiyo maana watu wa mji huu, ambao hawakosi mzaha hata katika dhiki, wameubatiza mwezi wa kwanza jina la Njaanuari.

Wako mume na mke wa Tena, ambao majina yao si lazima kutajwa. Jioni moja ya mwanzo wa Desemba mume alisema, “Mama watoto, mwaka jana nyumba yetu ilipendeza kuliko zote katika ploti hii.” Mkewe alikuwa akichambua mchele. Akajibu pasipo kuinua macho, “Ilipendeza kweli, Baba watoto. Na mtoto akarudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo.” Mume akanyamaza kitambo. Kisha wakaafikiana kwamba zitatengwa shilingi 1,000 za mapambo, wala hazitazidi, nazo zitatiwa katika bahasha. Mama ndiye aliyesisitiza bahasha, maana aliona kwamba fedha zikikaa katika simu hutoka kama maji katika ndoo yenye tundu, na mtu hajui zimekwenda wapi. Tena wakakubaliana kuianza kazi Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, wakati watu wa nyumba wapo wote, hivyo wakapata siku kumi na tatu za kufanya mambo polepole.

Pambo la kwanza la jiko ni usafi. Jiko lipikwalo kila siku lina mafuta yaliyogandamana ukutani juu ya mahali pa kupikia, na moshi umeipaka dari rangi isiyonunuliwa dukani. Hata nyota ya dhahabu ikitundikwa juu ya ukuta wa namna hiyo, macho ya mgeni yataona mafuta kabla ya nyota. Maji ya moto, sabuni, na kitambaa kikuukuu vyatosha. Masufuria yakisuguliwa kwa jivu mpaka yang’ae, kisha yakapangwa kwa ukubwa wake juu ya rafu, huwa ni pambo lenyewe, nalo halikugharimu kitu. Katika nyumba ya yule mama kazi hii ilichukua siku nzima, na bahasha haikuguswa.

Baada ya usafi, karatasi. Unga wa mahindi huuzwa katika pakiti za karatasi za kilo 2, na nyumba yenye watoto humaliza pakiti nyingi kwa mwezi. Pakiti hiyo ikikung’utwa vizuri na kupanguswa kwa kitambaa kikavu, kisha ikageuzwa ndani nje, hutoa karatasi imara ifaayo kukatwa nyota, kengele na malaika. Mifuko ya kaki nayo inafaa vivyo hivyo. Mifuko hiyo imezidi kuonekana nyumbani tangu tarehe 28 Agosti 2017, siku ilipoanza kutumika marufuku ya mifuko ya plastiki nchini Kenya. Minyororo ya karatasi hufanywa kwa vipande vyembamba vya magazeti vilivyopakwa rangi na watoto.

Hakuna haja ya kununua gundi. Vijiko vitatu vya unga wa ngano hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha hupashwa juu ya moto mdogo huku mwiko ukizunguka, hadi uji uwe mzito. Ukishapoa, tayari. Watoto waachiwe kazi hii, hata kama malaika mmoja atatoka na bawa kubwa na jingine dogo. Mtoto aliyemfanya malaika huyo atamwonyesha kila mgeni, wala hatauliza kwa nini hakununuliwa wa dukani.

Sasa meza. Jambo la kupendeza ni kwamba nyumba nyingi tayari zina kitambaa cha meza, ila hakijaitwa jina hilo. Leso nzuri ambayo haijapauka, yenye rangi nyekundu au ya kijani, ikipigwa pasi na kutandikwa, hupita vitambaa vingi vya dukani. Lakini leso ina maneno, na yafaa kuyasoma kabla ya kuitandika, kwa maana yako maneno ya leso yaliyotungwa kumchoma jirani, nayo hayafai kuwekwa mbele ya jirani huyo siku ya sikukuu. Asiyekuwa na leso ya kufaa atumie kitenge, au vile vitambaa vya kushona kwa sindano ya kroshia ambavyo akina mama huvitandaza juu ya viti. Ufundi huo wa sindano umefundishwa kwa muda mrefu katika vikundi vya akina mama, na chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilikuwa na madarasa ya kushona, kupika na kutunza nyumba tangu siku zake za awali. Ni vitambaa vya nyanya hivyo, na kijana anayeviona vya kizamani hana budi kukumbuka kwamba havimdai mtu senti.

Katikati ya meza huwekwa kiondo. Kiondo cha mkonge chaweza kupatikana katika soko la Kariokor, ambalo jina lake latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Lakini nyumba nyingi zinacho tayari, kimejaa viazi nyuma ya mlango. Viazi vitolewe, kiondo kikung’utwe, kisha kijazwe matunda. Desemba ni mwezi wa maembe kuingia sokoni kwa wingi, na mananasi nayo hayako mbali, maana hulimwa kwa wingi upande wa Thika. Rangi ya embe lililoiva hushinda mpira wowote wa kioo. Isitoshe, pambo hili huliwa. Yule mama wa Tena aliyanunua matunda yake Mutindwa jioni ya tarehe 23, akaficha nusu yake chumbani, kwa kuwa alijua kwamba kiondo kisicholindwa kingefika siku ya Krismasi kikiwa na majani ya nanasi peke yake. Matunda hayo yalikuwa ndiyo gharama kubwa katika bahasha, na hakuna aliyelalamika.

Mti wa Krismasi wahitaji maneno machache. Desturi yake ilitoka Ujerumani, ikaenea Uingereza hasa baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wamesimama na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Hapa Kenya mti utumikao ni saipresi, ambao asili yake ni Mexico na nchi za jirani, nao hupandwa sana kuwa ua katika sehemu za baridi. Kwa nyumba ya Tena mti mzima ni mzigo, na kiti kimoja lazima kiondolewe ili mti upate kukaa. Tawi moja latosha, likisimamishwa katika mkebe wa rangi uliojazwa mchanga wenye maji na kuvikwa kitenge. Tawi linunuliwe kwa wauzao kando ya barabara, au liombwe kwa mwenye ua. Kulikata usiku katika ua wa mtu ni wizi, na kuingia na panga katika msitu wa Karura ni kosa mbele ya sheria.

Wengi hutandaza pamba juu ya matawi ili ionekane kama theluji. Mtu akitaka theluji ya kweli, iko Kirinyaga, mlima wenye kimo cha mita 5,199. Mahali pake si Tena, ambako mwezi huo jua huwaka na watoto hucheza nje na shati moja. Lakini kasoro ya pamba si hiyo. Pamba kavu hushika moto upesi mno, na ikiwa juu ya tawi lililokauka, karibu na mshumaa, katika chumba ambamo meza iko hatua tatu kutoka jikoni, basi pana hatari kubwa. Badala yake watoto watunge bisi katika uzi kwa sindano. Bisi ni nyeupe vilevile, na gharama yake ni kikombe kimoja cha mahindi.

Kuhusu taa, hesabu ni fupi. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kamba ya taa ndogo za LED yenye wati 10, ikiwashwa saa 5 kila usiku kwa muda wa siku 14, hutumia wati 700 za saa, yaani haifiki hata uniti moja. Kamba ya zamani yenye balbu za wati 40 kwa jumla hutumia uniti karibu 3 kwa muda huohuo. Basi anayenunua atazame maandishi ya pakiti. Nyaya zilizochunika zitupwe, na haifai kuchomeka friji, pasi, redio na taa za Krismasi katika waya mmoja wa kuongezea, kama ambavyo wengi hufanya.

Asiyetaka umeme afanye taa za mikebe. Mkebe uliooshwa hujazwa mchanga wenye maji na kushindiliwa, ili bati lisibonyee. Kisha hutobolewa kwa msumari na nyundo kufuata umbo la nyota lililochorwa. Mchanga ukimwagwa na kuachwa kidogo chini, mshumaa husimama juu yake, na nuru hupenya katika matundu. Mafundi wa Kamukunji, ambao bati mikononi mwao huwa kama karatasi, wangecheka wakiona kazi ya mtu asiye fundi, lakini gizani makosa hayaonekani.

Neno la mwisho ni la kuangaliwa kuliko yote. Jiko ni mahali pa moto, na mapambo mengi ni karatasi na nguo. Kitu chochote kisitundikwe juu ya mahali pa kupikia, wala mnyororo wa karatasi usipitishwe karibu na mtungi wa gesi. Mpira wa gesi uliopasuka ubadilishwe kabla ya sikukuu, na harufu ya gesi ikisikika, mtungi ufungwe, madirisha yafunguliwe, wala swichi isiguswe. Watu wa Eastlands hawajasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka mahali pa kujazia mitungi huko Embakasi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa. Kadhalika jiko la makaa lisitumiwe ndani ya chumba kilichofungwa. Siku ya Krismasi chapati huwa nyingi na nyama huchukua saa nyingi motoni, na mama akiona baridi ya usiku hufunga dirisha. Makaa hutoa hewa yenye sumu, nayo haina harufu wala rangi, na wengi wamelala karibu na jiko la namna hiyo wasiamke tena. Dirisha libaki wazi, hata kama mapambo yatapeperuka kidogo.

Katika nyumba ile ya Tena, wageni walifika saa saba mchana. Baba ndiye aliyepakua pilau, jambo ambalo majirani walilizungumza kwa siku mbili. Bahasha ilibakiwa na shilingi 60.

Mapambo huondolewa kwa desturi tarehe 6 Januari. Nyota na malaika hulazwa bapa ndani ya kopo la biskuti pamoja na majani makavu ya mwarobaini, ambayo wengi huyatumia kuzuia wadudu, nalo huwekwa juu ya kabati, mbali na mvuke wa jiko. Nta ya mshumaa ikiwa imedondoka juu ya leso, isikwanguliwe kwa kisu. Hutiwa karatasi ya kaki juu na chini ya doa, kisha hupitishwa pasi yenye moto wa kiasi, na karatasi huinyonya nta yote. Baada ya hapo leso hufuliwa kama kawaida.